Mama Shahidi na Mguu Wangu

Mimi ni mwanamke wa hasira za karibu, sitaficha. Kazini wananiita Kiberiti, na si kwa sababu ya wembamba. Kwa hiyo ukinisikia namsifu mtu aliyenigombeza kama mtoto na kunitoa machozi, ujue mtu huyo ana lake.

Mtu huyo ni Mama Shahidi, fundi wa miguu ya bandia. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu nyuma ya hospitali, ukuta kwa ukuta na pale wanapofulia mashuka. Ukiingia unapokewa na harufu ya spiriti na plastiki ya moto. Kuna meza mbili, jiliwa moja kubwa la kubania vitu, na sanduku la bati lenye taa ndani ambalo yeye huliita chumba cha wagonjwa, kwa maana kila kilichogundishwa hulazwa humo kwenye joto hadi kipone. Mwenyewe ni mama mfupi, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na sauti yake haipandi hata akiwa amekasirika. Hiyo ndiyo inayoniudhi. Mimi nikigombana na mtu napenda naye apige kelele kidogo, tuwe sawa.

Nilifika kwake kwa sababu ya ngazi. Miaka tisa nimeendesha kreni kwenye ghala la vyuma. Kabini yangu iko juu karibu na paa, na kuifikia kuna ngazi ya chuma iliyosimama wima, vidato ishirini na viwili. Nilikuwa napanda huku naimba. Kisha siku moja nimesimama zangu kando ya barabara, pikipiki ikaniparamia, na mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Kampuni ilinishikia nafasi miezi sita. Miezi ilipoisha ikaja barua: Jumatano saa nane mchana nifike ghalani, nipande hadi kabini na kushuka mbele ya msimamizi. Nikiweza, kiti changu nakirudia. Nikishindwa, kinakwenda kwa mwingine. Hakuna mara ya pili.

Nataka uelewe kiti kile kwangu ni nini. Dada yangu, ambaye nilikuwa nakaa kwake tangu ajali, alishaniambia zaidi ya mara moja, "Mdogo wangu, si kuna kazi za kukaa chini?" Zipo. Lakini kule juu tani nne za chuma zinapita hewani polepole kwa vidole vyangu viwili, na wanaume wazima chini wananitazama mimi wakingoja niwaambie wasogee. Nitakaa chini nifanye nini?

Mguu wangu wa kwanza wa bandia sikutengenezewa na Mama Shahidi. Kule nilikokwenda walikaza kikombe, yaani ile sehemu ya plastiki ambamo kigutu kinaingia, kwenye bamba la chuma kwa skrubu nne. Ijumaa, siku tano kabla ya mtihani wangu, nilikuwa najizoeza kwenye ngazi za nyumbani nikasikia ta! Kikombe kimepasuka kutoka tundu la skrubu hadi ukingoni. Nililia kwa hasira hadi dada akafunga madirisha.

Nilipompelekea, Mama Shahidi aliutazama ule ufa, akaupitishia ukucha.

"Plastiki ukiitoboa umeionyesha pa kupasukia," alisema. "Uzito wako wote ulikuwa umesimama kwenye matundu manne. Mimi nitakugundishia. Gundi inashika uso mzima."

"Gundi?" nikasema. "Mama, mimi napanda kreni. Sibandiki stempu."

Hakucheka. Alinitengenezea kikombe kipya, na Jumanne asubuhi kilichobaki kilikuwa kukiunganisha na bamba la chuma. Hapo ndipo tuliposhikana mashati.

Kwenye meza alipanga gundi tatu. Mimi, kwa kuwa muda ulikuwa unanibana, nikaona moja tu, ile ya chupa ndogo ambayo ukitia tone inashika kabla hujahesabu kumi. Nikamwambia si hiyo hapo, Mama, tutie, nivae, niende nikajizoeze.

"Hii?" Akaichukua, akabandika vipande viwili vya chuma na plastiki, tukangoja kidogo, akanipa nivute. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Havikubanduka. Nikamtazama kwa jicho la kusema unaona? Akavichukua, akavigonga pembeni mwa meza mara moja, tena si kwa nguvu. Vikaachana kama vile havijawahi kuonana.

"Ngumu, lakini kavu kama kioo," alisema. "Ukivuta inakushangaza. Ukigonga inakukimbia. Na wewe ngazini unavuta au unagonga?"

Kila kidato ni kugonga.

"Na hii ya kopo ni ya viatu. Nimekua nayo." Baba yake alikuwa fundi viatu, na yeye alianza kupaka soli gundi hata kabla ya kujua kusoma. "Hii inavumilia kugongwa, haina neno, inanepa. Lakini kukiwa na joto inateleza polepole. Kule kwenu juu kuna joto?"

"Chini ya bati? Saa nane mchana? Tunaiva."

"Basi." Akasukuma kopo pembeni. Ikabaki gundi ya tyubu mbili, moja nyeusi na moja ya rangi ya maziwa, ambazo peke yake kila moja haifanyi chochote, mpaka uzichanganye kwa vipimo. Ndani yake mna mpira uliosagwa laini sana, akanieleza, kwa hiyo ni ngumu lakini ikigongwa haivunjiki, inameza lile pigo. Inavumilia joto. Inavumilia jasho. Ina kasoro moja tu: inataka siku nzima kwenye sanduku la joto. Saa ishirini na nne, wala si ishirini na tatu.

"Mama, mtihani ni kesho saa nane!"

"Ndiyo maana tunaanza sasa badala ya kupiga domo."

Kabla sijaendelea, lazima nieleze jina lake limetokana na nini. Kila anapogundisha mguu, hugundisha pia vipande viwili vidogo, kimoja cha chuma kilekile na kimoja cha plastiki ileile. Msasa uleule, kitambaa kilekile, gundi kutoka kibakuli kilekile, sanduku lilelile. Hivyo anaviita shahidi. Siku ya kukukabidhi mguu anakibana kile kipande kwenye jiliwa mbele yako na kukivunja kwa nyundo. Kisha anatazama. Gundi ikibaki imeng'ang'ania pande zote mbili, unapewa mguu. Chuma kikitoka kitupu, kinang'aa, basi gundi haikushika kabisa, ilikuwa imekaa tu, na mguu wako unavunjwa vilevile, hata kama umetoka safari ya siku mbili. Watu wamemtukana sana. Mashahidi waliokataa amewatundika ukutani kwa misumari, kila mmoja na tarehe yake, wapatao thelathini.

Kuna mmoja hana tarehe. Nilimuuliza habari zake Jumanne ile wakati anapiga bamba msasa, na alinijibu bila kuacha kupiga.

"Huyo si shahidi. Hicho ni kipande cha mguu wenyewe." Mkono ukaendelea, duara, duara. "Nilikuwa mpya hapa. Nimetoka kiwandani, najua gundi zote, kichwa kimejaa. Akaja mwalimu mmoja, mpole, ana haraka kama wewe. Nikamtilia ile ya chupa ndogo. Nilivuta, haikubanduka, nikampa. Wiki ya tatu ikaachia akiwa juu ya ngazi za shule. Akavunjika nyonga. Hakutembea tena."

Nikakitazama kile kipande ukutani.

"Unajua kinachonikera ni nini, mwanangu? Sikuwepo. Yeye anabingirika kule, mimi nipo hapa nakunywa chai, najiona fundi. Nililetewa habari baada ya siku nne."

Bamba likawa limekufa mng'ao, la kijivu, lenye mikwaruzo midogo kila upande. Akavaa glavu, akalifuta kwa spiriti, kitambaa kikienda upande mmoja tu, na kila mfuto kitambaa kipya. Kisha akadondoshea maji. Maji yalipojikusanya kama shanga, akatikisa kichwa na kuanza tena mwanzo. Alianza tena mara tatu. Mara ya nne maji yakatandaa kama kitambaa, bamba zima likalowa sawasawa. Akalikausha kwa hewa ya moto, akaliweka juu ya karatasi safi karibu nami. Saa ilikuwa inakaribia sita mchana.

"Sasa," akasema, "hapo usiguse. Mkono wa mtu una mafuta hata ukiwa umenawa. Nachanganya gundi."

Akanipa mgongo, akainamia mizani yake.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, kigutu kikiwa wazi. Dada alinipa mafuta ya kulainisha kovu, na kwa kuwa kilikuwa kinawasha, nilikuwa nimetoka kukipaka. Nikalitazama lile bamba. Miezi sita nimetembelea magongo. Miezi sita naota ngazi. Na sasa kitu kitakachonirudisha juu kilikuwa hapo, kijivu, kidogo, kinatosha kwenye kiganja. Nikakichukua. Wallahi sijui nilifikiri nini, sikufikiri. Nilikishika kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto wake aliyezaliwa jana, nikapitisha kidole gumba katikati, huku na huku, nikahisi ule ukwaruzo. Kisha nikashtuka na kukirudisha palepale juu ya karatasi.

Akageuka na kibakuli chake.

"Hujagusa?"

Saa ukutani ilikuwa sita kasoro dakika tano. Kulipiga msasa na kulifuta kulikuwa kumemla asubuhi nzima. Akianza upya, gundi itawekwa saa tisa, na kesho saa nane itakuwa haijatimiza siku yake, naye kunipa mguu usiotimiza siku ni jambo asilolifanya hata umlilie miguuni. Hayo yote yalipita kichwani mwangu kwa mara moja.

"Sijagusa," nikasema.

Akanitazama kidogo. Kisha akapaka.

Jumatano saa sita mchana nilikuwa pale, nimevaa ovaroli yangu ya kazi ambayo dada aliipiga pasi hadi ikasimama yenyewe. Mama Shahidi akatoa mguu kwenye sanduku, akaulaza mezani. Akabana shahidi kwenye jiliwa. Nyundo ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu ikatoka na kelele.

Akasogeza miwani. Plastiki ilikuwa imechanika yenyewe, vipande vyake vimebaki vimeng'ang'ania kwenye chuma. Gundi haikuachia hata mahali penye upana wa sindano.

"Shahidi amekubali!" akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Umemwona? Plastiki imekufa, gundi ipo. Nilichofanyia hiki ndicho nilichofanyia mguu wako, kwa hiyo mguu wako uko hivi hivi. Ngoja nikuonyeshe na aliyekataa, ujue tofauti."

Akatoa kimoja ukutani, akaniwekea kiganjani. Chuma chake kilikuwa na gundi nyeusi kila mahali isipokuwa katikati, palipong'aa patupu, umbo la yai. Nikakisogeza dirishani. Ndani ya pale patupu kulikuwa na mistari, myembamba, ya mviringo. Alama ya kidole.

"Nilikishika mimi mwenyewe, siku moja nina usingizi," alisema. "Kidole kimoja tu. Umeona gundi ilivyopaogopa?"

Nikamrudishia. Kwenye shahidi wangu sikugusa. Nilichogusa ni mguu.

Sema, moyo uliniambia. Sema sasa hivi. Na mdomo ukasema, "Ahsante, Mama." Nikavaa, nikatembea mara tatu kutoka mlangoni hadi jiliwani. Ulikuwa imara. Ulikuwa mtamu kuuvaa, haukubana, haukucheza. Mama Shahidi akanipiga bega na kusema niende nikawaonyeshe. Nikatoka pale najichukia, na bado nikapanda teksi.

Ghalani walinipokea kwa vifijo. "Kiberiti karudi! Nani ana sigara?" Hao ni wale wawili wanaofunga minyororo kwenye mizigo, Mrefu na Kinyozi, watu wangu wa miaka yote. Msimamizi alikuwa na fomu yake kwenye ubao wa kuandikia. Si mtu mbaya, lakini ni mtu wa karatasi.

"Unajua utaratibu," alisema. "Juu, unagusa kiti, unashuka. Fomu inaondoka leo hii."

"Najua, Bosi."

Kwenye ngazi ile hakuna mkanda wa usalama. Mkanda unafungwa ukishafika juu kwenye kibaraza. Na kuna sheria moja ambayo kila mtu ghalani anaijua hata akiwa usingizini: mtu akiwa ngazini, hakuna anayesimama chini yake. Sheria hiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu mimi ndiye ninayekuwa juu.

Nikashika chuma. Kidato cha kwanza nikatanguliza mguu mzima. Cha pili nikauleta wa bandia, nikauwekea uzito. Kimya, imara. Cha tatu. Jasho lilikuwa linanitiririka machoni. Nilikuwa naiona ile sehemu tupu ya umbo la yai mbele yangu kama imebandikwa kwenye kila kidato, na ndani yake mistari, safari hii ya kwangu. Nikajiambia, acha uoga, umeshavaa, umetembea, mbona haujaachia? Nikajijibu mwenyewe, ile ya mwalimu ilingoja wiki tatu.

Kisha nikatazama chini, jambo ambalo halifanywi. Mrefu na Kinyozi walikuwa wamejisogeza polepole hadi chini yangu kabisa, mikono wameiinua kidogo, wanajifanya wanatazama kwingine. Walikuwa wanataka kunidaka, wajinga wale. Msimamizi aliwaona na hakuwafukuza.

Hapo ndipo miguu ilipokataa. Ningekuwa kidato cha kumi na tisa na ule mguu ukaachia, nisingekufa peke yangu.

Nikashuka. Kidato cha pili, cha kwanza, sakafu. Msimamizi akanisogelea na ubao wake.

"Vipi?" akauliza.

"Mguu hauko tayari."

"Nimeona umesimama vizuri tu."

"Bosi, nakwambia hauko tayari!" Nilimfokea, kwa kuwa nilikuwa nakaribia kulia. Akaandika. Niliona alichoandika, neno moja: *Hakupanda*.

Nilirudi karakana kwa teksi ileile. Mama Shahidi alikuwa anakunywa chai. Aliponiona mlangoni akaweka kikombe chini, akataka kutabasamu, kisha akaacha.

"Niligusa," nikasema. "Jana. Ulipochanganya gundi. Nilikuwa na mafuta mkononi. Ukaniuliza nikakudanganya."

Nilitegemea anigombeze kwa kugusa. Hata hakulitaja.

"Umeuvaa kutoka hapa hadi huko?" Sauti ileile, ya chini. "Umevuka barabara nao? Umepanda nao?"

"Vidato vitatu."

"Vitatu." Akavua miwani, akajifuta uso mzima kwa kiganja. "Wewe binti. Ulinifanya nikupige bega. Nimekupiga bega nikakwambia nenda! Unataka kuniua? Sema tu kama unataka kuniua, nijue moja."

Nikalia. Akaniacha nilie. Akauvua mguu kwenye kigutu changu, hakuniomba, akaubana kwenye jiliwa na kuchukua nyundo. Nikamwomba mimi nipige. Akakataa.

Alipiga mara moja. Bamba likaruka, likagonga ukuta, likaanguka sakafuni na kuzunguka hadi likatulia.

Aliliokota kwa glavu. Gundi ilikuwa imeshika ukingoni tu, upana wa ukucha, mzunguko mmoja mweusi. Katikati yote kulikuwa kutupu. Kidole gumba changu kilikuwa pale, kimepita huku na huku, na mistari yake unaweza kuihesabu.

Kisha akachukua chaki, akachora mstari sakafuni mita mbili kutoka mezani.

"Kaa nyuma ya huo," akasema. "Ukiuvuka nakufukuza."

Akachukua bamba jipya na msasa, akaanza. Duara, duara.

Nilimwambia asijisumbue, fomu imeshaondoka, kazi imekwenda. Akasema yeye hajaniuliza habari za kazi, anatengeneza mguu.

Alhamisi saa tatu asubuhi, hili nililisikia kwa Kinyozi, Mama Shahidi aliingia ghalani peke yake akiwa na aproni yake ya gundi, akauliza mwenye fomu ni nani, akaingia ofisini kwa msimamizi na kuweka lile bamba lenye kidole changu juu ya karatasi zake. Kinyozi alikuwa mlangoni, si mtu wa kupitwa.

"Umeandika hakupanda," alisema Mama. "Andika na sababu. Sababu ni hii. Alijua, hakuna mwingine aliyejua, na alikuwa ameshapanda vidato vitatu. Angeweza kuendelea, ungemwekea tiki. Nionyeshe mtu mwingine kwenye ghala hili ambaye angeshuka."

Msimamizi akasema utaratibu ni utaratibu. Mama akasema sawa, na akakaa kwenye kiti. Alikaa hadi saa saba. Kila aliyeingia alimwonyesha lile bamba na kumweleza tangu mwanzo, msasa, spiriti, maji, kidole. Saa saba msimamizi akapiga simu makao makuu. Nikapewa Jumatatu, saa nane.

Jumatatu shahidi wangu alikubali tena. Lakini safari hii Mama Shahidi hakunipiga bega. Alivua aproni, akafunga karakana kwa kufuli, akaingia nami kwenye teksi.

Msimamizi aliwasogeza watu wote nyuma, akawatolea macho Mrefu na Kinyozi hadi ukutani. Nikashika chuma. Kidato cha kwanza. Cha pili. Nilipofika cha tano nikasikia kelele.

"Mama! Wewe mama! Toka chini ya ngazi!"

Nikatazama. Alikuwa amesimama chini yangu kabisa, wima, mikono nyuma, miwani imenielekea. Hakuinyosha mikono kunidaka. Alisimama tu.

"Mama, ni sheria! Hapo hapasimamwi!"

"Najua," akamjibu, sauti ileile. "Gundi ni yangu. Ikiachia, leo nipo."

"Mama, toka," nikamwomba kutoka juu. "Tafadhali."

"Panda, mwanangu. Tazama unakokwenda."

Nikapanda. Kila nilipouwekea uzito mguu ule, nilikuwa nauweka juu ya kichwa chake, na nilijua naye anajua. Cha kumi. Cha kumi na tano. Cha kumi na tisa, ambacho nilikiota siku nne mfululizo. Wa bandia ukagonga chuma, ngo, ukabaki hapo. Cha ishirini na mbili. Kibaraza. Mlango wa kabini ulikuwa na kutu kidogo kwenye bawaba, nikausukuma kwa bega. Nikakaa kwenye kiti changu na kushika vishikio vyote viwili.

Chini watu walikuwa wanapiga makofi, Mrefu anapiga mluzi. Nikachungulia. Msimamizi alikuwa tayari anaandika. Mama Shahidi hakupiga makofi. Alikuwa amesimama palepale, shingo ameipindisha nyuma, anangoja nishuke.